Matone Kwenye Chai ya Mke Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika chumba cha upelelezi, kituo cha polisi, tarehe 3 mwezi wa tano, kuanzia saa nne asubuhi.

Anayetoa maelezo: mwanamume, anajulikana mtaani kwa jina la Fundi Makochi
Umri: miaka sabini na mbili
Kazi: fundi wa makochi na viti
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya ghala la mbao, karakana yake iko mbele ya nyumba hiyo hiyo
Uhusiano na mgonjwa: mume
Uhusiano na mtuhumiwa: baba mzazi

Nimeonywa niseme kweli, na nimeelezwa kwamba nikidanganya kwa makusudi ninaweza kushitakiwa. Nimeelewa. Nasema kwa hiari yangu, na akili zangu ni timamu.

Mimi ni mume wa mama ambaye mtaa mzima unamwita Spika. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, yule unayemsikia kwenye vipaza sauti akisema treni gani inaingia na abiria wakae mbali na reli. Alifanya kazi hiyo mpaka akastaafu. Sauti yake ni nzito kidogo na haina haraka. Mimi niliijua sauti yake kabla sijamjua sura.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia taratibu. Kwanza alipoteza majina ya watu, halafu njia ya kurudi kutoka sokoni, halafu akanipoteza mimi. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa ni maradhi ya ubongo yanayowapata baadhi ya wazee, kwamba hayana tiba, lakini mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akitunzwa. Tukamtunza. Nasema sisi kwa maana ya mimi na binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu pekee. Yeye ni keshia wa supamaketi. Alikuwa na chumba chake mjini, akakiacha na kurudi kwetu mama yake alipoanza kupotea. Hakuna aliyemwita. Alikuja tu na begi lake na jiko lake la gesi.

Kila jioni, jua likianza kushuka, mke wangu alikuwa anataka kwenda kazini. Alisimama mlangoni akitikisa kitasa. Alisema treni itaingia bila kutangazwa na watu watakufa. Mwanzoni nilikuwa nambishia, namwambia ameshastaafu. Kumbishia kulikuwa kama kuzima moto kwa mafuta ya taa. Baadaye nikajifunza. Nikawa nampeleka dirishani na kumwambia atangazie pale pale. Akitangaza, anaridhika, anakaa, anakunywa chai. Wapita njia walimzoea. Kuna muuza mkaa alikuwa akisimama na kuuliza, "Mama Spika, treni yangu imefika?" Naye anamjibu, "Yako imeondoka. Ungeacha usingizi." Mimi alinifanya abiria asiye na tiketi. Amenishusha kwenye kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu mara nyingi tu, na nilishuka.

Naeleza haya, afande, ili ieleweke kwamba mke wangu alikuwa mgonjwa lakini alikuwa na raha zake.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa mwezi wa tatu. Hakutaka tena dirisha. Alilia kutwa nzima, na si jioni peke yake. Alikuwa anaenda chooni, anarudi, anaenda tena, anarudi akilia zaidi. Ukimshika anakuparura. Aliniuma kwenye mkono wa kushoto, alama hii hapa ninakuonyesha. Nilidhani maradhi yake yamepanda ngazi nyingine. Binti yangu naye alidhani hivyo hivyo.

Chumba kinachopakana na chetu anakaa dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda. Anaendesha usiku, analala mchana. Kelele zilimpata pale pale alipolaza kichwa. Alianza kwa kugonga ukuta, halafu akaja mlangoni. Hakutukana. Alisema, "Mzee, mimi nabeba roho za watu. Nikisinzia kwenye usukani mtanisaidia nini?" Upande mwingine binti yangu alikuwa anachelewa kazini kwa sababu mama yake alikuwa hakubali kuvalishwa. Msimamizi wake akamwambia akichelewa tena asijisumbue kurudi.

Mnamo tarehe 6 mwezi wa nne, kama saa kumi na mbili asubuhi, mke wangu aliisukuma birika iliyokuwa jikoni. Maji ya moto yalimwagika kwenye mguu wa binti yetu. Nilisikia ukelele nikakimbia, msumari bado uko mdomoni. Nilimkuta binti yangu amekaa sakafuni, ameushika mguu, na mama yake amemsimamia anamwambia, "Ondoka kwenye reli! Ondoka kwenye reli!" Binti yangu hakulia. Alifunga mguu kitambaa, akavaa kandambili, akaenda kazini.

Siku mbili au tatu baada ya hapo, mke wangu alitulia.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Nyumba ilikuwa kimya, dereva akalala, hata mimi nilipata kusinzia kwenye kochi la mteja. Nilimwambia binti yangu, "Mungu amesikia." Aliinama akaendelea kufagia.

Lakini kile kimya hakikuwa cha mtu aliyetulia. Mke wangu alikuwa analala mpaka mchana. Akiamka, macho yako wazi lakini hayaendi popote. Mate yalimtoka pembeni ya mdomo. Mikono ikakakamaa, akawa anatembea kama mtu aliyebeba sinia la vyombo anaogopa kuliangusha. Chai ilimpalia. Nilijaribu kumsimamisha dirishani nikamwambia, "Tangaza mama, abiria wanangoja." Aliegemeza paji la uso kwenye nondo za dirisha akasinzia akiwa wima. Muuza mkaa alipita, akamtazama, akapita bila kuuliza kitu.

Nilimuuliza binti yangu, "Mama yako ana nini?" Akasema, "Amechoka, baba. Ugonjwa ndivyo unavyokwenda." Nilimwamini. Yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na madaktari tangu mwanzo.

Mnamo tarehe 18 mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, niliingia jikoni kutafuta mkasi wangu. Binti yangu alikuwa amenipa mgongo. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai cha mama yake, kile cha bati chenye mkono mpana. Mkononi ana chupa ndogo ya rangi ya kahawia. Alikuwa anadondosha matone kwenye chai huku midomo inahesabu. Hakusikia hatua zangu kwa sababu natembea peku.

Nikasema, "Hiyo ni nini?"

Alishtuka, akaificha chupa kwenye khanga. Halafu akaona ni ujinga kuificha, akaitoa.

"Dawa ya kumtuliza."

"Nani ameiandika?"

"Nimepewa na Daktari wa Kona."

Daktari wa Kona ni mwenye duka la dawa lililo kwenye kona ya kuingilia mtaani kwetu, jirani na mashine ya kusaga. Ndivyo watu wanavyomwita. Niliichukua ile chupa nikaigeuza. Haikuwa na karatasi wala maandishi yoyote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akaniambia, "Ningekuambia ungekataa. Wewe baba unashinda kwenye makochi yako. Anayempangusa ni mimi. Anayeng'atwa ni mimi."

Nikamwambia hata mimi nimeng'atwa. Akacheka kidogo, kicheko cha kukata tamaa, halafu akakaa kwenye kiti cha jikoni. Akasema, "Basi niambie tufanye nini. Niambie, nifanye." Nilimwambia tu jioni ile asimpe, mpaka mimi mwenyewe niende nikamuulize huyo mtu. Alikubali. Alimwaga ile chai mbele yangu na kuosha kikombe.

Mnamo tarehe 19, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilifika kwenye duka la Daktari wa Kona. Nilimkuta peke yake, anapanga maboksi. Nilimsalimia akaitikia vizuri, "Karibu mzee wangu." Nikamuuliza kama ni yeye aliyempa binti yangu dawa ya mama yake. Akasema, "Ndiyo, ni mimi. Bibi anaendeleaje?" Hayo ndiyo maneno yake, nayarudia kama alivyoyatamka.

Nilimweleza kwamba anadondokwa na mate, mikono imekaza, na anapaliwa hata na maji. Akasema, "Hiyo ni dalili kuwa dawa imeingia. Mzee, ubongo ukishafika pale ni kama redio mbovu. Haishiki stesheni, inakoroma tu. Unaipunguza sauti, watu wanalala."

Nikamuuliza, "Wewe umemwona?"

"Sina haja ya kumwona. Wazee wa namna hiyo ni wale wale. Nawapa wengi humu humu mtaani, na watoto wao wananishukuru."

"Kwani wewe ni daktari?"

Akacheka. "Watu ndio wananiita hivyo. Mimi sijawahi kujiita."

Nilimwambia asimpe tena binti yangu ile dawa. Akasema sawa mzee, wala hakukasirika. Kitu kimoja hakuniambia: kwamba asubuhi ile ile, kabla mimi sijafika dukani, alikuwa ameshazungumza na binti yangu kwa simu. Hilo nilikuja kulijua baadaye hospitali.

Kilichotokea nyumbani ni hiki. Mke wangu aliamka bila ile dawa mwilini, na kilio chake kikarudi chote. Mimi nilikuwa njiani. Binti yangu alijaribu kumwosha, akashindwa, akampigia simu yule mtu. Yule mtu akamwambia amekosea kuikatisha, na ili irudi kufanya kazi aongeze mara mbili. Akaongeza. Simwombei radhi binti yangu kwa hilo. Nilimwambia asimpe, akampa.

Nilirudi kama saa tano. Mke wangu alikuwa amekaa mezani, kichwa amekilaza juu ya mkono, chai imemwagika na kuingia kwenye nywele zake. Binti yangu alikuwa anamtikisa na kumwita, "Mama. Mama. Mama." Nilimwinua kichwa kikarudi. Pumzi yake ilikuwa inakwama na kuanza tena, kama msumeno kwenye mbao mbichi. Kucha zilikuwa zimegeuka rangi.

Nilitoka nje nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Aliyefungua mlango ni yule dereva, amevaa bukta, macho mekundu. Nikajua anakuja kutufokea. Aliingia, akamtazama mke wangu mara moja, akamnyanyua kama mtoto na kumpeleka kwenye basi la kiwanda lililokuwa limeegeshwa nje. Aliendesha peku. Njia nzima hakusema neno isipokuwa moja, tulipokwama kwenye foleni karibu na daraja: "Mwekeni ubavu, asipaliwe." Tukamlaza ubavu. Kumbe kelele za mke wangu zilimnyima usingizi lakini hazikumnyima utu.

Hospitali tulipokelewa na daktari wa zamu, mwanamke wa makamo. Alimfungua mke wangu jicho, akamulika, akatugeukia. Akauliza, "Anatumia dawa gani?"

Nilimtazama binti yangu. Binti yangu alikuwa anatazama sakafu. Ningeweza kusema mimi, afande, nilikuwa najua. Lakini nilijua nikisema, nimemweka mwanangu mahali ambapo hatatoka. Nikisita, mke wangu anakwenda.

Daktari akasema, "Nisipojua alichokunywa natibu nikiwa nimefumba macho. Nauliza mara ya pili."

Hapo ndipo binti yangu alipofungua mkoba akatoa ile chupa na kuiweka juu ya kitanda, karibu na miguu ya mama yake. Akasema, "Nimempa mimi. Leo asubuhi nilimpa mara mbili. Baba hakujua." Akaeleza tangu lini, matone mangapi, na nani alimwelekeza. Alieleza yote wima, bila kulia, kama mtu anayesoma risiti. Daktari hakumgombeza. Alichukua chupa, akainusa, akaita wauguzi, sisi tukatolewa nje.

Tulikaa kwenye benchi la korido mpaka alasiri. Mimi upande huu, yeye upande ule, katikati wangeweza kukaa watu wengine wawili. Yule dereva alikwenda kutafuta maji ya kunywa akatuletea, kisha akalala palepale chini, mgongo ukutani. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa namwonea huruma, na kila nilipotaka kusema kimoja kilikuja kingine.

Kama saa kumi daktari alitoka. Alisema mke wangu anapumua vizuri ila bado hajaamka. Halafu akatuuliza kama alikuwa anakwenda chooni mara kwa mara. Tukasema ndiyo, tangu mwezi wa tatu. Akasema wamekuta kibofu kimejaa mkojo na kina maambukizi makali, ya muda mrefu, na kwamba mtu mzima mwenye akili zake angekuwa anagaagaa chini kwa maumivu yale. Akasema, "Alikuwa anaumwa, na maneno ya kusema anaumwa hana tena. Alichobaki nacho ni kelele."

Nikarudi kukaa kwenye benchi.

Binti yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi nilimziba mdomo?"

Daktari alikaa naye kwenye benchi. Alimweleza kwamba dawa za namna ile zipo, na hata hospitali huzitumia wakati mwingine mzee anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, lakini kidogo, kwa muda mfupi, baada ya kutafuta kwanza kinachomsumbua: maumivu, homa, njaa, choo, woga. Akasema kwa wazee wenye ugonjwa huu zinaweza kuleta kuanguka, kiharusi, hata kifo, ndiyo maana haziuzwi kama peremende. Kisha akasema jambo hili atalazimika kulifikisha panapohusika. Binti yangu akasema, "Lifikishe."

Mke wangu alifungua macho siku ya pili yake. Siku ya nne alimwambia muuguzi ana mikono ya baridi, amwache. Tarehe 27 tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Kutembea bado anashikwa mkono, na kumeza bado tunamlisha kwa kijiko kidogo. Jioni anahangaika kama zamani, lakini ni kuhangaika ninakokufahamu. Kile kilio cha mwezi wa tatu hakijarudi.

Mnamo tarehe 29, saa nane mchana, Daktari wa Kona alikuja kwenye karakana yangu. Alikuwa amesikia kwamba hospitali imetoa taarifa. Alikaa kwenye kiti ambacho sijakitia kitambaa, kwenye springi tupu. Alisema, "Mzee, mama si anapona? Haya mambo tuyamalize kinyumbani. Wakija kukuuliza, wewe hukufika dukani kwangu wala hujui dawa ilitoka wapi."

Nikamwambia nilifika.

Akasema, "Hakuna aliyekuona."

Nikamwambia, "Wewe uliniona."

Akainama karibu na sikio langu, akasema, "Basi sikiliza. Ukisema ulikuja kwangu, mimi nitasema binti yako alikuja kuniomba dawa ya kummaliza mama yake, nikamfukuza. Neno langu na lake. Yeye ndiye aliyetia kwenye kikombe. Fikiria vizuri, una mtoto mmoja."

Alipoondoka nilipiga msumari nikajipiga kidole. Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Sikumwambia binti yangu. Nikawa najiuliza kama kunyamaza ni kumlinda mtoto au ni kumlinda yule mtu. Na wale wazee wengine aliosema anawapa, ambao watoto wao wanamshukuru, nikawa nawawazia kila mmoja ameegemea dirisha lake.

Kabla sijaamua, aliniwahi. Jana, tarehe 2, saa mbili asubuhi, askari wawili walikuja nyumbani wakamchukua binti yangu. Waliniambia kuna raia mwema ametoa taarifa kwamba alikusudia kumuua mama yake. Binti yangu alikuwa anamsuka mama yake nywele. Aliomba amalize msuko mmoja uliobaki. Askari wale, nawashukuru, walimngoja.

Leo asubuhi nilipofika hapa nilimwona kwa muda mfupi kwenye kaunta. Aliniuliza mama amekula. Nikamwambia amekula, amebaki na dereva. Halafu akaniambia, "Baba, sema yote. Usinipunguzie." Hayo tu, akarudishwa ndani.

Afande ameniuliza kama kuna wakati wowote nimewahi kumsikia binti yangu akisema anataka mama yake afe, au maneno yanayofanana na hayo.

Afande ameniambia naweza kunywa maji. Nimekunywa.

Jibu langu ni ndiyo. Nilimsikia. Ilikuwa siku chache baada ya yale maji ya moto, mchana wa Jumapili, tuko watatu chumbani. Alisema, "Kuna siku natamani alale asiamke tena." Alilisema hilo akiwa amekaa chini, mguu wake wenye kidonda ameunyoosha pembeni, na mguu wa mama yake ameupakata. Alikuwa anamkata kucha. Alikuwa anaukata ukucha kidogo kidogo, anaupulizia, anautazama, asije akagusa nyama. Alimaliza vidole vyote akampaka mafuta mpaka kwenye kisigino. Mimi niliyasikia yale maneno na niliiona ile mikono. Ukiniuliza binti yangu alikusudia nini, naweza kukuambia tu kwamba maneno na mikono vilikuwa vya mtu mmoja, saa ile ile, na kama maneno yataandikwa, naomba na mikono iandikwe.

Afande ameniuliza kama najua kwamba maneno hayo yanaweza kumwumiza binti yangu kesi ikifika mbele. Najua. Lakini nikificha moja, yule mtu wa kona atasema mzee huyu anadanganya ili kumwokoa mwanawe, na lile la dukani nalo litaonekana uongo. Halafu binti yangu ameniambia nisimpunguzie. Tangu utoto wake hajapenda kupunguziwa.

Alikosea. Mama yake nusura afe kwa mkono wake, na hilo analijua kuliko atakavyoambiwa na hakimu yeyote. Lakini hakuomba dawa ya kuua. Aliomba usingizi, wa mama yake na wa kwake, kwa mtu aliyejua kuuza na hakutaka kumwona mgonjwa. Hilo la kutomwona nilimsikia akilisema kwa mdomo wake, mchana kweupe, na nitalirudia popote nitakapoitwa.

Ninayoyajua yameishia hapo. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kama shahidi alivyoyatoa, na nimemsomea kwa sauti kwa sababu hakuja na miwani. Nilipofika kwenye jibu kuhusu maneno ya binti yake nilimkumbusha kuwa ana nafasi ya kufafanua au kurekebisha kabla ya kutia sahihi. Alisema hana cha kurekebisha. Alitia sahihi saa saba na robo mchana.

Duka lililotajwa limepekuliwa leo saa nane na nusu na wakaguzi wa dawa wakiwepo. Zimekutwa chupa nyingi za aina ile ile zisizo na maandishi. Mwenye duka amekamatwa na anahojiwa.

Kuhusu binti wa shahidi, mkuu wa kituo ameridhia aachiwe kwa dhamana wakati upelelezi unaendelea. Aliyejitokeza kumdhamini ni shahidi huyu huyu. Nilimweleza kwamba si kawaida mtu kumtolea mtuhumiwa ushahidi mzito asubuhi na kumdhamini jioni. Alijibu, "Andika yote mawili," akauliza atie sahihi wapi.